Kibao kilichogeuziwa ukuta

Kwa miaka 6 sasa ninamtunzia hesabu fundi mmoja wa Kenya, si nchi bali komini, yaani mtaa, wa hapa Lubumbashi, Kongo, anayechomelea mageti, milango na madirisha ya chuma. Ukienda kwake mara ya kwanza lazima uulize njia, maana ukuta wa nje hauna neno hata moja. Kibao anacho. Kimechorwa na mtu anayejua kazi: bati jeupe, herufi nyekundu, namba ya simu, na pembeni geti dogo lenye maua ya chuma. Nilikikuta ndani, nyuma ya mlango, kimegeuziwa ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nilipomuuliza, alijibu huku anafuta mafuta mikononi: "Papa, nikitia ile kibao inje, ni kama naita ba Leta: mukuye, chakula imeiva."

Kwa wasomaji wa Mombasa na Dar: Leta ni Serikali. Neno lilitoka kwenye Kifaransa cha wakoloni, na kwetu limepanuka kupita Serikali yenyewe. Leta ni waziri, ni polisi wa njiani, ni kijana mwenye daftari la risiti na fulana ya kazi, ni yeyote anayeweza kukujia mlangoni na mhuri.

Naandika juu ya kibao hiki kwa sababu kila mara vijana waliosoma huniuliza swali lile lile: je, ili wajasiriamali waongezeke na uchumi ukue, Kongo inahitaji uhuru zaidi au kanuni zaidi? Wanataka nichague upande, kama kwenye derby ya Lupopo na Mazembe. Mimi huanza na kibao, na wengi hukasirika kwamba nimekwepa swali.

Ni kweli kwamba kibao cha nje kinatozwa kodi ya matangazo. Lakini kodi hiyo siyo iliyomtisha fundi, angeweza kuilipa kwa faida ya geti moja. Kinachomtisha ni kwamba kibao kinatangaza kuwa hapa pana mtu mwenye pesa, na akishajulikana na mmoja amejulikana na wote.

Mwaka juzi nilimwomba anifanyie kazi moja. Kwa mwezi mzima aandike kila mgeni wa Leta aliyekanyaga karakana yake: alitaka nini, alipewa nini, alikaa muda gani. Akanunua daftari la shule. Mwezi ulipokwisha tulikaa kwenye benchi lake tukahesabu wageni 11. Sitataja huduma yoyote kwa jina. Baadhi walikuja na haki yao kamili, karatasi zao sawa, na walichodai kimo katika sheria. Mmoja alikuja na barua ya misheni, yaani ya kutumwa kazini, iliyokwisha muda wiki tatu kabla. Mwingine alitafuta kizima-moto, akakikosa, akaandika. Kisha, wakati fundi anahangaika kutafuta pesa, akauliza geti la mita tatu ni bei gani, maana naye anajenga kule Kasapa. Fundi akampa bei. Hadi leo hajarudi, si kwa faini wala kwa geti.

Nilidhani jumla ya pesa ndiyo itakayonishtua. Ilikuwa inauma, lakini nimeona mbaya zaidi. Kilichonishtua ni safu ya "alitaka nini". Huduma ile ile ilikuja mara mbili, kwa kodi ile ile, kwa midomo ya watu wawili, na bei ya mmoja ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya mwenzake. Zote mbili zikashuka baada ya maongezi. Fundi alisema bila hasira yoyote: "Bei ya chuma najua. Bei ya Leta, hapana."

Sentensi hiyo ina uchumi mwingi ndani yake. Gharama inayojulikana, hata ikiwa nzito, fundi anaigawa kwenye bei ya mageti yake, mteja analalamika kidogo, maisha yanaendelea. Gharama isiyojulikana huwezi kuigawa. Huwezi kumpa mteja bei ya miezi mitatu mbele. Huwezi kukopa, kwa sababu hujui utabaki na nini mwisho wa mwezi. Unachoweza ni kujipunguza ili usionekane. Pesa ya mashine ya pili ya kuchomelea fundi alikuwa nayo. Niliiona katika hesabu zake. Akaitia kwenye nondo na saruji za nyumba huko Annexe. Saruji haina kelele. Mashine ya kuchomelea inalia, na mwanga wake wa buluu unaonekana hadi barabarani. Vijana wanne aliowafundisha hawajaandikwa popote. Siku ya ukaguzi wote ni watoto wa dada.

Basi ukisikia wachumi wakisema kwamba Afrika ina makampuni makubwa machache juu, vibanda maelfu chini, na katikati patupu, ujue ile katikati mara nyingi haikufa. Ilikataa kuzaliwa. Na ilikuwa na akili kukataa.

Vipo vipimo vya uhuru wa kiuchumi, na kwa kuwa vijana huvinukuu sana, niseme navyovitazama. Viwili ndivyo maarufu: kile cha Heritage Foundation ya Marekani, kilichoanza 1995, na kile cha Fraser Institute ya Kanada, kilichoanza 1996. Cha Fraser kinaangalia mambo 5: ukubwa wa Serikali, sheria na ulinzi wa mali, uimara wa sarafu, uhuru wa kufanya biashara na nchi za nje, na kanuni za mikopo, ajira na biashara. Nchi zilizo juu kwa kawaida ni tajiri kuliko zilizo mkiani, ingawa kuna ubishi wa haki kuhusu kipi kilitangulia, na China ilikua miaka mingi kwa kasi ya ajabu bila kupata alama za kujivunia. Sisi tumezoea kuwa karibu na mkia.

Kipengele cha kwanza ndicho hunichekesha. Kwa hesabu zile, Serikali inayotumia kidogo inapata alama nzuri, na Leta yetu hutumia kidogo ukilinganisha na nchi nyingi duniani. Kwa hiyo, upande huo, tuko huru kuliko Wafaransa! Nenda Kenya ukamwambie fundi wangu kwamba Leta yake ni ndogo. Anayoijua yeye haimo kwenye bajeti.

Hili limepimwa. Raúl Sánchez de la Sierra na wenzake waliichunguza kwa kina polisi ya barabarani ya Kinshasa, na utafiti wao ukachapishwa 2024. Walikuta mapato halisi ya huduma ile ni mara 5 ya yale yanayotokana na faini. Yanayozidi yalitoka kwenye mpango uliounganisha polisi wa njiani, wakubwa wao na maofisa wa polisi ya mahakama, kila polisi akiwa na idadi ya madereva wa kufikisha ofisini. Tumezoea kumlaumu yule aliyesimama juani na filimbi, kumbe naye ana mgawo wa kutimiza. Mpango kama huo hauwezi kuishi bila kanuni nyingi zilizoandikwa. Lazima pawe na taa isiyowaka, karatasi iliyopungua, kizima-moto kisichokuwepo. Kanuni ndizo malighafi.

Wachumi wanne, Djankov akiwa wa kwanza kwenye orodha ya majina, walionyesha jambo la ukoo huo mwaka wa 2002 walipohesabu hatua za kufungua biashara katika nchi 85. Ungetarajia kwamba penye masharti mengi ya kuingia, wananchi wangepata bidhaa bora na hewa safi zaidi. Hawakuona hivyo. Waliona rushwa zaidi na uchumi wa kujificha mkubwa zaidi. Kwetu sisi, waliokulia katika nchi ambayo "Kifungu cha 15", yaani jitafutie mwenyewe, ni utani unaojulikana kuliko kifungu chochote halisi cha katiba, matokeo hayo hayakuhitaji nchi 85.

Lakini woga wa fundi ni mkubwa kuliko umri wake. Nyumbani kwao wanausimulia. Baba yake alikuwa karani wa duka la Mgiriki mmoja mjini wakati Mobutu, tarehe 30 Novemba 1973, alipotangaza hatua ambazo sote tunaziita zairianisation: maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vipite mikononi mwa Wazairwa. Kwenye karatasi ilikuwa ujasiriamali wa kizalendo. Duka likapata mwenyewe mpya, mtu aliyekuwa karibu na wakubwa, ambaye hakuwahi kuuza hata sanduku la kiberiti. Aliuza vilivyokuwa kwenye rafu, hakuagiza vingine. Baba yake fundi alifunga mlango wa duka lile kwa mara ya mwisho akiwa na ufunguo wa kabati tupu. Kuanzia 1976 Serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe, lakini wengi walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walikuwa wamejifunza kitu ambacho hakirudishwi kwa amri: mali inayoonekana ni mali inayoweza kugawiwa mtu mwingine asubuhi moja.

Sasa linganisha na migodi, kwa sababu Lubumbashi huwezi kuzungumza ukuaji ukaacha shaba. Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Fedha zikachukuliwa, mitambo ikazeeka, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka wa 1990, na kufikia mwanzo wa karne hii nchi nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000. Wale waliokuwa watoto hapa miaka ile wanakumbuka baba aliyekwenda kazini kila siku na kurudi bila mshahara. Mwaka wa 2002 ikaja sheria mpya ya madini. Mwaka wa 2024 Kongo ilipita tani milioni 3 na kukaa ya pili duniani nyuma ya Chile.

Sitaki kuipa sheria ile sifa zote. Vita vilipungua, na China ikaanza kununua shaba kama bukari, yaani ugali wetu. Ila ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja, cha 276, ambacho kila wakili wa migodi anakijua usingizini. Kiliahidi kwamba sheria ikibadilika, masharti ya kodi na forodha ya mwenye kibali yatabaki yale yale kwa miaka 10. Miaka 10! Ndiyo maana watu walikubali kufukia mabilioni ya dola ardhini huko Fungurume na Kolwezi, mahali ambapo faida ingeonekana baada ya miaka mingi. Machi 2018 sheria ilipofanyiwa marekebisho, ahadi ikapunguzwa hadi miaka 5, na makampuni makubwa yalipiga kelele kwa hiyo kuliko kwa mengine mengi. Nilikuwa nikizisoma barua zao magazetini na kujisemea: hawa wanagombana juu ya miaka 10 au 5, fundi wangu hana ahadi ya siku 10.

Hapo ndipo nasimama mimi katika ubishi wa uhuru na kanuni. Mwenye mgodi hakupewa uhuru kwa maana ya kuachiwa afanye atakavyo. Alipewa kanuni nyingi sana, kitabu kizima. Kilichomfanya ajenge ni kwamba kanuni zile ziliandikwa, ziliahidiwa muda, na alikuwa na mahakama za nje za kukimbilia zikivunjwa. Fundi ana kanuni chache zaidi vitabuni na hana lolote kati ya hayo matatu. Ndiyo maana uchumi wa taifa uliweza kukua kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka wa 2022 na tena 2023, na barabara ya kwenda kwake ikawa ile ile, na mashine yake ikabaki moja.

Kuna waliojaribu kuunganisha dunia hizi mbili. Sheria ya Februari 2017 inataka kazi ambazo makampuni makubwa hutoa nje, kama vile usafiri, chakula, ulinzi na ufundi, zipewe makampuni ambayo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo. Nia yake naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini tazama inavyofika mtaani. Ili upate kazi ile unahitaji uandikishaji katika rejista ya biashara, namba ya kodi, hati ya kwamba huna deni la kodi, wafanyakazi waliosajiliwa kwenye akiba ya uzeeni. Kwa miaka mingi fundi wangu hakuwa nazo. Kwa hiyo mwenye karatasi anachukua oda, anampigia fundi simu usiku, fundi anachomelea vizimba vya mitungi 20, na mwenye karatasi anatoa ankara. Mara mbili nimemwuliza anabakiwa na kiasi gani. Mara zote mbili alibadilisha mazungumzo. Halafu wapo wanaokodisha jina lao kwa mgeni ili kampuni ionekane ya Mkongo. William Baumol aliandika mwaka wa 1990 kwamba watu wenye vipaji vya biashara wapo kila zama na kila nchi, ila kanuni za mchezo ndizo zinazowaelekeza ama kwenye kuzalisha, ama kwenye kukamata sehemu ya kilichozalishwa na wengine. Penye faida ya kuwa na karatasi kuliko kuwa na mashine, vijana wenye akili watatafuta karatasi. Siwalaumu.

"Basi mwandikishe!" wasomaji wangu huniambia. "Wewe si mhasibu?"

Kuandikisha kumerahisishwa, tuseme ukweli. Kongo iliingia OHADA Septemba 2012, tukapata sheria za biashara zinazofanana na za nchi nyingine 16. Baadaye kidogo likaja dirisha la pamoja la kufungua makampuni, na siku hizi washirika wa SARL, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, wanajiwekea wenyewe kiwango cha mtaji. Nimewahi kufungua kampuni kwa njia ya zamani, karatasi kutoka meza hadi meza, na sitamani kurudi huko. Lima, Peru, mwaka wa 1983, watu wa mchumi Hernando de Soto walijaribu kufungua karakana ndogo ya ushonaji kwa kufuata sheria zote. Iliwachukua siku 289. Mfano huo ulizunguka dunia na kuzaa imani kwamba ukifupisha siku, watu watatoka kivulini wenyewe. Benki ya Dunia ikaanza kuzipanga nchi kwa kipimo hicho. Katika orodha ya mwisho, ya 2020, Kongo ilikuwa ya 183 kati ya 190. Mwaka uliofuata Benki ikaachana na orodha yenyewe baada ya kugundulika kasoro katika takwimu zake. Na kwa nchi yetu kilichopimwa kilikuwa Kinshasa, na kwa sehemu kubwa sheria ilivyoandikwa. Mlango wa fundi haukupimwa.

Ninaamini zaidi jaribio la Benin, kwa sababu ni nchi ya OHADA kama sisi na lilitumia hali ile ile ya kisheria ambayo mafundi wetu wangeweza kuitumia, ile inayoitwa entreprenant: usajili bure, masharti mepesi. Watafiti walichukua biashara ndogo kama 3,600 za Cotonou na kuzigawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilielezwa faida na kusaidiwa kujiandikisha. Kundi lililopata kila kitu liliongezewa mafunzo, msaada wa kufungua akaunti na usuluhishi wa kodi. Katika kundi la kwanza walioongezeka kujiandikisha walikuwa karibu 1 kati ya 10. Katika lile lililobembelezwa zaidi, karibu 1 kati ya 6. Wengine wote wakasema asante wakaendelea na kazi. Na waliojiandikisha mauzo yao hayakupanda kwa namna ya kuonekana. Karatasi ilikuwa rahisi, haikuleta kitu. Fundi wangu angekuwa miongoni mwa waliosema asante, na angewakaribisha chai.

Utafiti mwingine ulifanyika nyumbani kabisa, Kananga. Serikali ya Kasaï ya Kati ilikubali kodi ya nyumba ipunguzwe kwa viwango tofauti, kwa bahati nasibu, kwa wenye nyumba wapatao 38,000. Waliopunguziwa walilipa kwa wingi zaidi, tena kwa wingi wa kutosha kuziba pengo, na hesabu ya watafiti ikaonyesha kwamba mkoa ungekusanya zaidi kama ungetoza theluthi mbili tu ya kiwango cha kawaida. Niliwahi kumwonyesha matokeo haya mtu mmoja wa makusanyo, mtu mwema, akanisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza: "Na mwezi huu, Papa, mgawo wangu nitaufikishaje?" Sikuwa na jibu. Faida ya kodi ndogo inakuja mwakani. Mgawo unadaiwa Ijumaa.

Kama unadhani kutotabirika ni tabia ya wadogo tu mlangoni, nenda Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka hapa. Amri ya zamani inasema huduma zinazoruhusiwa kukaa mpakani ni 4: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Pita uzihesabu mwenyewe, nitakusubiri. Katikati ya 2024 Kinshasa ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, kwa nia ya kulinda viwanda vya ndani. Agosti Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka yake nasi. Ilidumu siku chache tu, lakini Katanga hula bukari ya mahindi ya ng'ambo, na sokoni Kenya siku ya pili akina mama walikuwa tayari wanashikilia magunia bila kuyafungua, wakingoja kuona. Mama mmoja mwenye kuuza unga kwa kopo aliniambia hakupandisha bei, alipunguza kopo. Kwa mtazamo wangu kulinda kiwanda cha soda kunaweza kujadiliwa. Nchi nyingi zilizoendelea zilifanya hivyo. Ila sera inayotangazwa leo na kuanza kesho inamwadhibu aliyekwisha lipia mzigo wake jana, na mwakani hataagiza mapema.

Nisieleweke vibaya kwa wale wanaotaka kila kanuni ifutwe. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji ya kiwanda kimoja cha madini yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, watoto wakayakanyaga wakienda shule, na Serikali ikasimamisha kiwanda. Sijakutana na mkaaji wa mitaa ile anayetaka kanuni chache zaidi za mabwawa. Na kuna kanuni zilizofungua soko badala ya kulifunga. Sheria ya Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa bima uliodumu karibu nusu karne. Ikaundwa mamlaka ya kusimamia, leseni za kwanza zikatoka 2019, na leo mwenye lori anaweza kulinganisha bei. Upande wa umeme, sheria ya Juni 2014 ilifungua soko vilevile, lakini uhuru bila waya ni uhuru wa redioni. Fundi bado ana muuzaji mmoja wa kumpigia magoti, na usiku umeme unaporudi ndipo anapowaamsha vijana.

Ninachomfanyia mimi ni kidogo. Tuliandika orodha ya kodi zinazomhusu kweli, kila moja na mwaka wa sheria yake, na kuibandika ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Mgeni akija, fundi anamwonyesha orodha kwanza, kwa adabu, na kiti. Analipia zile zilizomo, kwa risiti. Baadhi ya wageni husoma, hukohoa, huomba pesa ya transpoti na kuondoka. Mmoja aliipiga picha kwa simu yake akasema inamsaidia hata yeye, maana hajawahi kuziona zote mahali pamoja.

Mwaka huu alijiandikisha. Shule moja ilitaka madawati 60 na ankara halali, na hakutaka tena kupigiwa simu usiku na mwenye karatasi. Nilidhani sasa kibao kitatoka nje. Alhamisi iliyopita nilipita kuchukua risiti za mwezi nikakikuta kimelazwa juu ya mapipa mawili, uso chini, na vijana wamekizunguka wanakula bukari na ndakala. Niliinama kutazama kwa chini. Herufi nyekundu hazijachubuka hata kidogo.

"Naitunza," akasema, akanisogezea sahani.